Boti nyembamba kwa siku moja, Braunston, mwisho wa Novemba: tupite njia gani na tujihadhari na nini?

Bi Tezi

Wakuu, salaam.

Jumamosi ya tarehe 22 Novemba tunakabidhiwa boti nyembamba ya futi 57 kwa siku moja. Inalala Braunston, Northamptonshire, pale mfereji wa Oxford unapokutana na Grand Union. Leseni, bima na cheti cha usalama mwenye boti ameshavishughulikia, tusivirudie hapa. Tuko watu wazima watano. Wawili tumeshaongoza boti za namna hii wakati wa kiangazi, watatu hawajawahi kushika kana (mpini wa usukani).

Kwanza nauliza njia. Tupande loki sita za Braunston (vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandishia na kushushia boti), tupite handaki, tugeuzie Norton Junction na kurudi? Au tushike upande wa Napton, ambako hakuna loki mpaka kwenye makutano?

Pili, majani. Kila mtu ananiambia "angalieni majani" halafu ananyamaza. Yanafanya nini hasa, na tukinaswa tufanye nini, hatua kwa hatua?

Tatu, baridi. Ndani kuna jiko la makaa na kuni, na gesi ya kupikia.

Na kama kuna jambo ambalo mtu aliyezoea kiangazi hulikosea Novemba, nielezeni bila kunionea haya.

Upondo57

Anza na jua, dada, njia itajichagua. Tarehe hiyo Braunston jua linachomoza kama saa 1:30 asubuhi na kuzama kama saa 10 jioni. Kukiwa na mawingu mazito, saa 9:30 tayari huoni vizuri kilichoko chini ya daraja. Una saa nane na nusu za mwanga. Mwezi wa sita ulikuwa na zaidi ya kumi na sita, ndiyo maana hukuwahi kuhitaji kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii: jumlisha maili na idadi ya loki, gawanya kwa tatu, unapata saa. Norton Junction kwenda na kurudi ni kama maili 8 na loki 12. Jumla 20, yaani saa 6 na dakika 40. Kwenye karatasi inaingia. Ila kanuni hiyo inachukulia mwendo wa maili 3 kwa saa na dakika 20 kwa kila loki. Watu watatu wageni, juu ya matofali yenye majani yaliyolowa, watatumia dakika 25 kila loki, na boti inayosukuma majani itakwenda maili 2 na nusu kwa saa. Piga upya: loki 12 ni saa 5, maili 8 ni saa 3 na dakika 12. Saa 8 na dakika 12, bila kula, bila kusubiri boti nyingine, bila kusafisha propela hata mara moja. Mwanga umekwisha na kamba bado hamjafunga.

Napton Junction (kwenye ramani nyingine utaona Wigram's Turn) ni kama maili 5 kutoka Braunston. Kwenda na kurudi maili 10, loki hakuna. Hata kwa maili 2 na nusu kwa saa ni saa 4 tu. Ondokeni saa 2:30 asubuhi baada ya kukagua injini, mtafika makutano kwenye saa 4:30. Geuzeni hapo hapo kabla ya kula, wakati kila mtu bado ana nguvu na upepo haujaongezeka. Rudini nusu ya njia, mfunge boti, mle chakula, muanze tena kabla ya saa 7 mchana. Mkiwa nyumbani saa 8:30 au 9, mna saa nzima ya akiba. Akiba hiyo msiitumie kwa kuzurura, ni ya mambo atakayoyaeleza fundi hapo chini.

Mwendo: sheria ni maili 4 kwa saa, na mara nyingi hutazifikia. Boti inazama karibu sentimita 60 kwenye mfereji ambao wenyewe hauna kina cha maana, kwa hiyo maji yanayosukumwa mbele lazima yarudi nyuma kupitia ubavuni na chini ya boti. Ukiongeza moto (nguvu ya injini) maji yanakosa pa kupita, tezi (sehemu ya nyuma ya boti) inazama, dizeli inaungua na mwendo hauongezeki. Tazama nyuma yako. Ukiona wimbi linavunjika ukingoni, punguza. Kwa boti zilizofungwa kando, punguza mpaka mlio wa chini kabisa wa injini ukiwa bado urefu wa boti mbili tatu kabla ya kuzifikia. Kupunguza ukishakuwa ubavuni mwao hakusaidii kitu, maji yameshavutwa. Novemba ardhi imelowa na vigingi vya watu vinachomoka kwa mvuto mdogo tu.

Kaa katikati ya mfereji. Kwenye kona, kina kiko upande wa nje. Mkikutana na boti nyingine, kila mmoja anashika kulia kwake, lakini usikimbilie ukingo mapema, sogea mkikaribiana.

Jambo ambalo watu wa kiangazi hawalijui: Canal & River Trust, wanaosimamia mfereji huu tangu 2012, hufanya matengenezo makubwa ya loki kuanzia Novemba mpaka Machi. Njia iliyokuwa wazi Oktoba inaweza kuwa imefungwa. Soma matangazo yao Ijumaa usiku, kisha tena Jumamosi asubuhi, kwa sababu mti kuanguka mferejini hakupangwi.

Fundi Ngama

Majani niachieni mimi.

Jani lililoanguka jana linaelea na halina madhara makubwa. La wiki mbili zilizopita limeshalowa, linaning'inia katikati ya maji, na hilo ndilo linalovutwa na propela. Yanajipanga juu ya bapa, moja juu ya jingine, mpaka propela inakuwa donge la mviringo linalozunguka bila kusukuma chochote. Dalili huja hivi: mlio wa injini unakuwa mzito, boti inapungua mwendo bila wewe kugusa kitu, kana inatetemeka mkononi, na moshi wa ekzosti unakuwa mweusi. Hapo mkono wa mtu mgeni unakwenda kwenye moto. Ukiongeza moto unalikaza donge.

Rudisha gia katikati. Hesabu mpaka tatu. Ingiza rivasi, ongeza moto kwa sekunde tatu hadi tano, rudi katikati, kisha mbele taratibu. Utaona uji wa kahawia unatapikwa pembeni ya tezi. Wakati mwingine inatakiwa mara mbili. Chini ya madaraja, kwenye vipande vyenye miti pande zote mbili, na mahali upepo umeyasukuma majani kwenye kona, tegemea kufanya hivyo kila dakika chache, ndiyo kawaida ya msimu. Kumbuka tu kwamba gia ikiwa katikati huna usukani, maana sukani ya boti hizi inafanya kazi kwa maji yanayosukumwa na propela. Nyoosha omo (sehemu ya mbele ya boti) kwanza, halafu ndipo usafishe.

Kinachowagongesha watu siyo kukwama, ni kusimama. Boti haina breki isipokuwa rivasi, na propela iliyojaa majani haina rivasi ya kuaminika. Ukikaribia mahali pa kufunga au daraja lenye boti inayokuja, jaribu rivasi mapema, urefu wa boti tatu kabla. Ikijibu vizuri, endelea.

Kama rivasi haikusafisha mara tatu mfululizo, hayo siyo majani. Ni kamba, mfuko wa plastiki, au nguo. Unafungua kisanduku cha propela, hivi:

1. Sukuma boti ukingoni kwa upondo (mti mrefu wa kusukumia boti), funga omo na tezi.
2. Zima injini. Chomoa ufunguo, uweke mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono. Usiukabidhi kwa mtu mwingine.
3. Inua ubao wa sakafu ya tezi. Juu ya propela kuna kisanduku cha chuma chenye mfuniko uliobanwa kwa skrubu au upau. Legeza, toa mfuniko, uweke mahali usipoanguka majini.
4. Utaona maji ndani ya kisanduku. Yako usawa wa mfereji na hayatapanda, kwa hiyo usiogope.
5. Papasa kwa mkono mmoja kwanza ujue ni kitu gani. Kitambaa na kamba kata kwa kisu cha mkate, meno yake yanauma vizuri kuliko kisu kikali. Waya unahitaji koleo au msumeno wa chuma. Kitu kimejisokota upande ambao shafti huzunguka ikienda mbele, kwa hiyo izungushe shafti kwa mkono kinyume chake huku unavuta.
6. Maji ya Novemba yanatia ganzi vidole ndani ya dakika mbili tatu. Ukiacha kuhisi ncha za vidole, toa mkono, mwingine apokee. Mkono usiohisi hauoni kisu.
7. Futa mpira wa mfuniko na ukingo wake, jani moja likibaki hapo linatosha kuvujisha. Rudisha, kaza.
8. Kabla ya kurudisha ubao, washa injini, ingiza gia mbele kwa sekunde chache, tazama. Kukiwa na hata tone linaloruka, zima na ukaze upya.

Hatua ya 8 ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayozamisha boti. Propela ikiwa inazunguka hutupa maji juu ndani ya kisanduku. Mfuniko ukiwa umelegea, maji yote yanakwenda chumba cha injini, na wewe uko juu ya ubao husikii kitu.

Mkono wenye kidonda ufunike kwa glavu ya mpira ndefu, na nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Maji ya mifereji yanaweza kuwa na vijidudu vya homa ya mgunda kutokana na mkojo wa panya.

Asubuhi kabla ya kuwasha: oili kwenye dipstiki, maji ya kupozea na dawa yake ya kuzuia kuganda, mkanda (ukiubonyeza katikati usicheze zaidi ya sentimita moja hivi), na ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) iwe kavu au na maji kidogo tu. Muulizeni mwenye boti injini inapozwa vipi. Nyingi zina tangi lililounganishwa na ubavu wa boti, maji yanazunguka humo humo na majani hayawahusu. Ikiwa yenu inavuta maji ya mfereji, kuna chujio, na chujio hilo mtalisafisha mchana na jioni, la sivyo joto la injini litapanda.

Mzee wa Loki

Upondo57 amepiga hesabu kikarani na sina ubishi na namba zake. Nabisha na hitimisho. Watu watano kwenda Braunston na kuzipa mgongo zile loki na lile handaki ni kama kufika sokoni ukanunua chumvi tu. Kuna njia ya tatu: pandeni, msirudi. Maili 4 na loki 6 ni saa 3 na dakika 20 kwa kanuni, au saa 4 na kidogo kwa hesabu yake ya majani. Mwenye boti akikubali ilale upande wa Norton, mnamaliza saa 7:30 mchana pamoja na kula. Muulizeni.

Iwe mtakwenda au hamtakwenda, haya ni ya Novemba.

Loki za Braunston ni pana, futi 14, na boti yenu ina futi 6 na inchi 10. Mkipata boti ya pili ingieni pamoja, maji yanaokolewa na boti hazichezi. Mkiwa peke yenu mkipanda, funga upande mmoja, fungueni kilango cha ardhini (kidogo, cha kuingizia maji kando ya lango) cha upande huo huo wa boti kwanza, nusu tu. Maji yanapita chini ya boti, yanagonga ukuta wa pili na kurudi kuibana boti pale ilipo. Mkianza na kilango cha upande wa pili, boti itarushwa kwenda na kurudi. Vilango vya kwenye lango lenyewe visiguswe mpaka maji yawe yamefunika matundu yake, vinginevyo maporomoko yanaingia omoni.

Lango likigoma kufunguka lote, usiligonge kwa omo. Nyuma yake kuna majani na matawi yamebanwa na ukuta. Lifungeni kidogo, mtu achokoe kwa kiopoo, lifungueni tena. Inaweza kuchukua dakika tano. Ukilazimisha kupita kwenye upenyo mdogo, takataka hizo hizo zinakubana katikati.

Mkishuka, jambo kubwa ni kizingiti. Chini ya malango ya juu kuna ukingo wa zege au jiwe unaotokeza ndani ya loki zaidi ya mita moja. Loki ikijaa huuoni. Ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha unapoishia, na Novemba mstari huo mara nyingi umefunikwa na kuvu na majani, kwa hiyo utafuteni kabla ya kufungua chochote. Tezi lazima iwe mbele ya mstari muda wote, na anayeongoza atazame nyuma, siyo simu. Tezi ikikalia kizingiti, omo inaendelea kushuka, na boti inaingiza maji kwa mbele. Dawa yake ni moja: vilango vya chini vifungwe mara moja, na vikishafungwa vyote, vya juu vifunguliwe taratibu loki ijae tena. Kila mtu aliyeshika mkono wa chuma wa kuzungushia vilango awe anajua neno moja la kupigiwa kelele, "Funga!", na asiulize kwa nini.

Mkono huo usiachwe juu ya ekseli yake hata dakika. Kishikio kikiponyoka unazunguka kwa kasi na kuvunja mfupa. Na msivuke kwa kuruka kutoka lango hadi lango. Ubao una utelezi wa majani asubuhi, na kukiwa na umande ulioganda hauonekani.

Handaki la Braunston lina yadi 2,042, kama kilomita 1.9, lilifunguliwa 1796, na boti nyembamba mbili zinapishana humo ndani. Washa taa ya omo na ielekeze kidogo kulia na juu, isimpofushe anayekuja. Washa na taa za chumbani, zinakuangazia kuta. Honi ndefu moja kabla ya kuingia. Tazama ukuta, usitazame taa ya mwenzako, maana mkono hufuata jicho na utamwendea. Lina kipindo katikati, kwa hiyo usishangae taa ya mbele ikipotea na kutokea tena. Vaeni kofia, chini ya mashimo ya hewa maji yanadondoka shingoni bila taarifa.

Bi Tezi

Mzee wa Loki, shikamoo. Nimemuuliza mwenye boti, hataki ilale mbali na Braunston. Basi ni Napton, na loki tutakwenda kuzitazama kwa miguu tukisharudi kama mwanga utabaki.

Yamebaki mawili. Utabiri unasema kutakuwa na upepo, na kipande kile ni mashamba matupu. Kugeuza futi 57 kwenye makutano kukikutana na upepo, nifanyeje? Halafu hakuna aliyenijibu kuhusu jiko.

Mzee wa Loki

Marahaba. Loki ya kwanza ya chini iko chini ya maili moja kutoka makutano ya Braunston, mnafika kwa miguu haraka. Chukueni mkono wenu wa kuzungushia, mtu anayepita peke yake na boti atawashukuru.

Upondo57

Upepo kwanza. Boti hii ina sakafu bapa, haina mkuku, na ubavu wake ni ukuta wa mita 17. Omo haizami sana kama tezi, kwa hiyo ndiyo inayopeperushwa. Kwenye mashamba wazi utakwenda ubavu-ubavu kidogo, omo imeelekea joshini (unakotoka upepo). Hilo ni sawa. Kosa ni kupunguza mwendo ukiogopa, maana ukipunguza upepo unashinda. Shika mwendo wa wastani, na upunguze tu kwa boti zilizofungwa.

Kugeuza: ingiza omo kwenye mdomo wa mfereji mwingine, tezi ibaki kwenye maji ya kina katikati ya njia yako. Tezi ikiingia kwenye kona yenye matope, sukani na propela vinachimba na unaweza kupinda kitu. Kana yote upande mmoja, moto mdogo mbele, kisha katikati, kisha rivasi kidogo, kana ikiwa imenyooka. Ukirudi nyuma usukani haufanyi kazi, usipoteze muda kuuzungusha. Rudia mara tatu, nne. Kabla ya kuanza simama uutazame upepo unavyopiga majani juu ya maji: chagua upande ambao utaipeleka omo pale unapotaka iende. Ukiugeuzia upepo ubishi, utashindwa. Mtu mmoja akae omoni na upondo mkavu, ausukume chini ya maji kwenye ukingo, asijaribu kuzuia tani kumi na kitu kwa mguu. Mguu kati ya boti na ukuta haurudi mzima.

Kufunga kwenye upepo: omo kwanza, mtu ashuke na kamba ya katikati (asiruke, apige hatua), azungushe kigingi au pete mara moja, ndipo tezi ivutwe. Penye mabamba ya chuma ukingoni tumieni kulabu za bamba badala ya vigingi. Kamba za omo na tezi ziende nje kwa pembe kama nyuzi 45, siyo moja kwa moja.

Mtu akianguka majini: gia katikati, papo hapo. Usirudi nyuma kumfuata, propela iko huko. Mwambie asimame. Sehemu kubwa ya mfereji maji hayazidi kifua, ila baridi inamfanya mtu asahau kuwa ana miguu. Mrushie kamba, mpeleke ukingoni. Walio nje wavae majaketi ya kujiokoa, Novemba siyo mwezi wa kubishana. Na anayepiga 999 ataje jina la mfereji na namba ya daraja lililo karibu, kila daraja lina kibao. Anayeongoza awe anaitamka namba kila mnapopita, wote mnazoea.

Anayeongoza asimame saa moja tu, kisha abadilishwe. Hatembei, kwa hiyo anapoa kuliko wote. Soksi mbili, suruali isiyopitisha upepo, na glavu mbili za akiba kavu ndani.

Jiko la Omo

Jiko mliwashe saa nzima kabla ya kuondoka, kwa sababu chuma baridi kinachukua muda. Tumieni makaa yasiyo na moshi yale ya madonge, na kuni zilizokauka. Kuni mbichi hazitoi joto, zinatia lami kwenye bomba. Makaa ya zamani ya mawe ya majumbani hayauzwi tena kwenye mifuko Uingereza tangu Mei 2021, msiyatafute.

Bomba la nje juu ya paa huchomolewa. Jueni linavyochomoka kabla ya kuanza, na muwe na glavu ya ngozi, kwa sababu litakuwa la moto wakati mtakapokumbuka. Matawi yaliyoinama ndiyo hulivua bomba kuliko madaraja. Likiwa na mnyororo, ufungeni.

Bonyezeni king'ora cha kaboni monoksidi (hewa ya sumu isiyo na harufu) kabla ya kuwasha, kilie. Matundu ya hewa kwenye milango na paa msiyazibe kwa taulo eti baridi inaingia. Yamewekwa kwa ajili ya jiko hilo. Mtu akianza kuumwa kichwa ndani na nje anapata nafuu, toeni wote nje na fungueni kila kitu kabla ya kujadiliana.

Majivu huachia hewa hiyo hiyo mpaka yapoe kabisa, na mara nyingi yanakaa moto mpaka kesho. Ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, penye upepo, mbali na mlango. Siyo ndani na siyo kwenye ndoo ya plastiki.

Gesi: tazameni rangi ya mtungi. Wa bluu kwa kawaida ni butani, na ikikaribia nyuzi 0 inaacha kutoa gesi ya kutosha. Mwekundu ni propani, hiyo haijali baridi ya Braunston. Kama ni bluu na asubuhi ni ya barafu, chemsheni chai juu ya jiko la makaa, mjue tu inachukua muda.

Fundi Ngama

Nimalizie jioni, wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Jaribuni rivasi mara ya mwisho, safisheni propela kabla ya kufunga. Majani yakiachwa usiku kucha na baridi hayatoki kwa rivasi asubuhi. Injini ikizimwa, geuzeni kikombe cha grisi cha shafti mpaka mhisi kimekuwa kizito, mara moja au mbili tu, kisha mtazame kama tone linadondoka kwenye ngama. Tone moja kila baada ya muda siyo tatizo, mfululizo ndiyo mumpigie mwenye boti. Muulizeni dizeli: saa nne za mwendo huu ni kama lita tano au sita, na wengi hupenda tangi lijae msimu wa baridi ili unyevu usigande kwenye kuta zake na kuingia kwenye mafuta.

Kama utabiri ni wa barafu, muulizeni pia kama anataka maji yatolewe. Ikiwa ndiyo: zimeni pampu ya maji, fungueni bomba zote pamoja na la kuogea, na muziache wazi. Kichwa cha kuogea kiwekeni chini. Kinachopasuka kwanza huwa ni lile bomba la kuchanganya moto na baridi, kwa sababu linashika maji tumboni hata pampu ikiwa imezimwa.

Na mkiamka Jumamosi mkakuta ukoko wa barafu juu ya mfereji, hata mwembamba wa kioo, msiupasue kwa omo. Unakwangua rangi ya kuzuia kutu pale pale kwenye mstari wa maji, na mabamba yake yanakwenda kugonga boti za plastiki zilizofungwa mbele yenu. Subirini mpaka saa 4. Ukiwa bado upo, siku hiyo ni ya kukaa karibu na jiko la mwenzangu hapo juu.